Mgeni wa Matanga ya Buguruni

Kaeni chini. Mudathir, simu yako itie mfukoni, hapa inatakiwa simu moja tu, ya mdogo wako. Nusaiba, imeanza kurekodi? Iweke juu ya stuli, ielekee mdomoni kwangu, na usiiguse mpaka ninyamaze mwenyewe. Mzee Gaudens, jirani yangu, sogeza kiti uwe shahidi. Miaka yote ile ulipanga herufi za vitabu vyangu kule kiwandani, moja moja kwa mkono, leo usikie ambayo sikukupa uyapange.

Bismillahi. Mie Kondo Mwinyimvua, mkazi wa Yombo Vituka, mwenye akili zangu timamu ingawa mapafu yameshanikataa, nasema haya kwa hiari yangu, baada ya sala ya alasiri, mbele ya wanangu watatu niliozaa na marehemu Naima binti Marijani. Nisikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno haya tu, sikuiwekea nafasi ya kubembeleza mtu. Hamisa, futa uso. Juma lililopita ulipokuja na futi kamba ukapima madirisha ya sebule ukidhani nimelala, hukulia hata tone.

Nianze na mepesi. Nyumba hii Mungu ameshaigawa, mwanamume sehemu mbili, wanawake sehemu moja moja, sina changu hapo na wala msije mkaniamsha kaburini kwa ugomvi wa korido. Wapangaji wa uani msiwatoe kabla mwaka haujaisha, na yule mama Atuganile anayepika vitumbua msimtoe kabisa mpaka atake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeniletea uji siku zote ambazo nyie mlikuwa kwenye foleni. Foleni! Mtu anatoka Kimara asubuhi anafika harusini Mbagala, lakini kuja kumwona baba yake Yombo, barabara zote zimefungwa. Taipureta apewe Mzee Gaudens. Miwani yangu mzikeni nayo mkitaka, mkitaka mtupe, huko niendako sidhani kama nitapewa kitu cha kusoma.

Sasa mazito. Mazito ni vitabu, na katika vitabu ni kitabu kimoja, na nyie mnakijua ni kipi, kwa sababu Mudathir amekuwa akizunguka nacho kwapani miezi sita hii, anakwenda nacho Kinondoni kwa yule Edgar wa filamu, na ameshaanza kujiita prodyuza. Nyamaza, Mudathir. Nimesema msinikatize.

Watu wanadhani kuandika riwaya za upelelezi wa zamani ni kukaa kwenye nyaraka za Wajerumani na Waingereza na kupuliza vumbi. Nilizikalia, ndiyo, niliwahi kufukuzwa maktaba kwa kula karanga. Nilikuwa karani wa bandari mchana, na jioni nilikuwa Erasmus Kamugisha, jina nililojipachika ili mkuu wangu wa kazi asijue, na wasomaji nchi nzima wakaamini ni Mhaya mmoja msomi, wakiniandikia barua za kunisalimia kwa Kihaya, mie Mndengereko ambaye sijawahi hata kuiona Bukoba. Nikamuumba mpelelezi wangu, Karani Idrisa, karani wa boma enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, mtu mkimya mwenye kofia ya viua, ambaye mwisho wa kila kitabu huwakusanya watu wote barazani, anawatazama mmoja mmoja, kisha ananyoosha kidole na kusema neno moja tu: "Huyu." Na kitabu kinaishia hapo. Vitabu kumi na moja, vyote vimeishia kwenye neno hilo, na watoto wa shule walikuwa wakinyoosheana vidole wakisema "Huyu" mpaka walimu wakapiga marufuku.

Lakini hadithi zenyewe sikuzitoa maktaba. Nilizitoa misibani.

Nyie mnajua msiba wa mjini ulivyo. Turubai likishafungwa njiani na mikeka ikatandikwa, hakuna anayekuuliza wewe nani. Ukivua viatu ukakaa, umeshakuwa wa msiba. Waliotoka upande wa baba wanadhani wewe ni wa upande wa mama, wa upande wa mama wanadhani wewe ni rafiki wa kazini, na wote wanakuletea sahani ya pilau. Na katika siku tatu zile wazee hawana kazi nyingine ila kumsimulia marehemu, ujana wake, kesi zake, wanawake wake, aliowadhulumu na waliomdhulumu. Basi mie kila Ijumaa nikitoka kazini nilikuwa nasikiliza wapi kuna msiba wa mtu mzee. Buguruni, Temeke, Gongo la Mboto, popote. Navaa kanzu, natoa ubani wangu, shilingi chache, naandikwa kwenye daftari kwa jina la uongo, nakaa, nalia. Nilikuwa hodari wa kulia, jamani! Nimelia misiba ya watu mia na siwajui, na baba yangu mzazi alipokufa nikakaa nawatazama watu nikiwaza nani katika wao angefaa kuwa muuaji.

Mwaka wa themanini na nne, Buguruni, alikufa mzee mmoja anaitwa Marijani. Ndiyo, Nusaiba, umesikia vizuri. Babu yenu. Kaeni sawasawa.

Nilikwenda kwa sababu nilisikia ni yule Mzee Marijani aliyekuwa mshika funguo wa godauni la mkonge zamani za Mwingereza, na habari ya godauni lile kila mtu wa rika langu alikuwa na kipande chake. Msimamizi, Mzungu mmoja mwenye mkono mwepesi wa kupiga watu, alikutwa amekufa ndani, kichwa kimepasuka, na mlango umefungwa kwa nje. Ufunguo ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Walimweka babu yenu mahabusu miezi minane, wakampiga mpaka mdomo ukabaki na kovu na mguu ukabaki wa kuchechemea, na hakusema kitu. Wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Akarudi Buguruni, akaishi miaka mingi, watu wakimheshimu na wakinong'ona, vyote kwa pamoja.

Nikafika matangani. Kijana aliyekuwa na daftari la ubani alikuwa anakwenda kutawadha, akanipa kalamu, akasema, "Andika mwenyewe, kaka." Nikaandika jina na mahali vilivyonijia, Salehe Mussa, Kilwa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mpelelezi yeyote wa shilingi mbili angeliona. La pili si kosa langu, ni la wao, ingawa mie ndiye niliyefaidika nalo. Siku ya pili, nikiwa nimekaa karibu na mlango wa uani, akatoka bibi mmoja mtu mzima, dada yake marehemu, aliyekwisha kusomewa daftari, akanitazama, akanishika kidevu. "Wewe si mtoto wa kaka Mussa aliyepotelea Kilwa? Salehe? Uso ndio huuhuu." Ningeweza kusema hapana, bibi, umenifananisha. Neno moja tu. Mie nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Bibi yule akanikumbatia akalia kilio ambacho sijakisikia tena. Akanivuta ndani, akanikalisha kitandani kwake, akaita binti wa nyumba aniletee chakula. Binti akaja na sinia, macho chini, miaka kama ishirini, akasema, "Karibu mgeni." Bibi akamgombeza, "Mgeni nani? Huyu kaka yako!" Binti akatabasamu kidogo katika msiba wa baba yake, akaondoka. Alikuwa mama yenu.

Na kwa kuwa nilikuwa damu yao, shangazi akaniambia siri ya nyumba. Marehemu alimwachia yeye, na yeye hana mtoto wa kiume wa kumwachia, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wa kiume waliobaki katika ukoo. Akasema siku ile babu yenu alikuwa amempa ufunguo mwenziwe, Projestus, mpagazi kutoka bara, ili akachukue kikoti chake alichosahau ndani. Msimamizi akamkuta, akaanza kumpiga kama kawaida yake, na siku hiyo Projestus akajibu. Akatoka, akafunga, akaja kumrudishia Marijani ufunguo. Alikuwa na watoto watatu na mke wake amekufa mwezi uleule. Babu yenu akachukua ufunguo, akautia mfukoni, akamwambia nenda nyumbani kapikie watoto. Basi. Miezi minane ya kipigo, na miaka yote ya minong'ono, na hakutaja jina. Projestus akalea watoto wake wakakua. Marijani akamwambia dada yake siku ya mwisho, na dada yake akaniambia mie, akisema, "Ili ukoo ujue kwamba ndugu yetu hakuua. Uitunze, mwanangu."

Nikaitunza! Nilifika nyumbani nikaandika kurasa tisa bila kuinuka.

Mudathir, naona unamtazama Mzee Gaudens. Endelea kumtazama, ndiye anayejua. Kitabu kile, Ufunguo wa Godauni, kilikuwa na mwisho mwingine. Mwisho wa kwanza ulikuwa wa kweli. Karani Idrisa anawakusanya watu barazani, anafika kwa mshika funguo, anamtazama, anaelewa, na kwa mara ya kwanza hanyooshi kidole. Anavaa kofia yake anaondoka. Gaudens alishaupanga wote. Nikaja kiwandani na kurasa nyingine nne, nikamwambia toa hizo weka hizi. Akaniuliza, "Bwana Kondo, mbona ule wa kwanza ulikuwa mzuri?" Nikamjibu, "Panga herufi, usinifundishe kazi." Si ndivyo, Mzee Gaudens? Ndivyo.

Katika kurasa zile nne muuaji ni mshika funguo mwenyewe. Ameua kwa tamaa, kwa sanduku la mishahara, na kisha akawasingizia makuli wenzake kwa polisi ili aachiwe. Nikampa kovu la mdomo. Nikampa mguu unaochechemea. Nikampa hata namna alivyokuwa akifunga ufunguo kwenye pindo la msuli, aliyonisimulia dada yake kwa mapenzi. Jina nikabadilisha herufi mbili. Mtoto wa darasa la nne Buguruni alimjua.

Kwa nini? Miaka mingi nilijiambia ni kwa ajili ya msomaji, msomaji anataka neno lake la mwisho. Uongo. Mie mwandishi wa uongo nisidanganye leo. Nilimwonea wivu. Nilikaa siku tatu kwenye matanga ya mtu maskini, nikaona wanaume wazima wanavyolia wakigaragara, mpagazi mzee kutoka bara anabusu jeneza, na nikajiuliza mie Kondo nikifa nani atalia hivi. Nikamchukia maiti. Nikaenda kumnyang'anya kile nisichokuwa nacho. Hilo ndilo, na sina jina zuri la kuliita.

Kitabu kikauzwa kuliko vyote. Shangazi akasomewa, akauliza mara moja tu, "Nani kamwambia mtu huyu habari ya pindo la msuli?" kisha akaacha kula, hakumaliza miezi miwili. Mama yenu alikuwa ameshaposwa na kijana mwalimu, mahari imekubaliwa, siku imetajwa. Wakwe wakatuma mjumbe kusema hawawezi kuchanganya damu na damu ile. Wakaja wawili wengine, nao wakarudi. Na mie nikawa napata habari zote hizo, nikinywa chai barazani, mtu anayefuatilia hadithi yake baada ya kuitoa mkononi.

Nikapeleka posa. Ndevu nimenyoa, miwani nimevaa, wasimtambue Salehe, suruali ya kitambaa, jina langu halisi, karani wa bandari. Wakanipa kwa mahari ndogo na shukrani kubwa. Mjomba wenu Khalfani peke yake, wakati huo kijana anayeziba pancha za baiskeli, ndiye aliyesema simtaki mtu huyu, hakujua kwa nini, hakumtaka tu. Mnamwona mpaka leo hakanyagi hapa. Mlikuwa mkimwita mchawi. Mie ndiye niliyewafundisha kumwita mchawi.

Mama yenu alipohamia akakuta taipureta na miswada, akajua Erasmus Kamugisha ni nani. Siku tatu hakugusa kazi ya nyumba. Nikamwambia, mke wangu, niliandika nilichokisikia mtaani, sikujua kama si kweli, mie pia nilidanganywa, na nimekuoa ili nikufutie aibu. Nililia, nimeshawaambia nilikuwa hodari. Siku ya nne akaamka, akaosha vyombo, akaniuliza kama nataka anichapie muswada mpya, maana alisomea uchapaji. Tangu siku hiyo alinichapia vitabu saba kutoka mwandiko wangu wa mkono, akisahihisha kwa kalamu nyekundu, na aliniita jina moja tu nyumba nzima mkalisikia. Mgeni. "Mgeni, chakula tayari." "Watoto, msipige kelele, mgeni amelala." Nyie mlicheka. Mie nilidhani ni mahaba. Mtoto wa pili alipozaliwa akasema ataitwa Hamisa, jina la shangazi yake marehemu, nikasema sawa. Hamisa mwanangu, kila nilipokuita uniletee viatu nilikuwa nalitaja jina la yule bibi, na mama yako alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza ninavyolitamka.

Mudathir. Una pengo pale chini upande wa kushoto. Ulikuwa darasa la tano. Ulirudi damu kifuani, watoto wamekuita mjukuu wa muuaji na wewe umepigana na wanne. Ukasimama mbele ya meza yangu ukauliza, "Baba, ni kweli babu aliua mtu?" Mama yako alikuwa kwenye taipureta. Akaacha kuchapa. Ilikuwa rahisi sana, mwanangu. Nilichotakiwa kusema ni hapana. Nikavua miwani nikakwambia, "Mwandishi hawezi kumsingizia marehemu. Nenda kaoshe uso." Ukaenda. Hukupigana tena maisha yako, ukawa mtu wa kukubalikubali, na mie nikawa nakudharau kwa hilo, nakuita legelege mbele ya wageni. Mama yako akaanza kuchapa tena.

Sasa usilie wewe nawe. Sijamaliza.

Mwaka jana Naima alipokuwa kwenye kitanda hikihiki, nilimpa radhi zangu zote mbele yenu, kisha nikawatoa nje, nikaomba zake. Mnajua desturi, hakuna mke anayemnyima mume siku ile, hata aliyevunjwa mbavu husema nimesamehe. Akanishika mkono. Akasema, "Ya kwangu nimekusamehe yote. Ya baba utamwomba mwenyewe, mgeni." Na akaomba azikwe Buguruni, ubavuni kwa baba yake, mbali na mahali nitakapowekwa mie. Nilidhani homa inasema.

Baada ya arobaini mlifungua sanduku lake mgawane khanga. Hamisa, ulikuta daftari kuukuu limefungwa kwenye leso, ukaniletea, ukauliza ni la nini. Nikakwambia ni la kikundi cha akina mama, litupe, kisha nikakunyang'anya mkononi. Hukuuliza tena, hukuwa mtu wa kuuliza. Liko chini ya mto huu. Nusaiba, litoe. Taratibu, kichwa changu. Fungua palipokunjwa. Ni daftari la ubani la msiba wa Mzee Marijani, Buguruni, mwaka wa themanini na nne. Teremka mpaka uone mwandiko unaoujua. Ile 'S' yenye mkia, ile 'l' iliyolala. Salehe Mussa, Kilwa. Limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni mama yenu ameandika neno moja. Soma kwa sauti, simu isikie.

"Huyu."

Mmesikia. Na tarehe chini yake ni ya wiki ya kwanza aliyonichapia muswada. Alichukua mwandiko wangu akaulinganisha, akajua kwamba nilikuwepo, kwamba nililishwa kwa mkono wake, kwamba niliambiwa ukweli wote na shangazi yake kitandani, na nikaandika nilichoandika. Wiki ya kwanza! Kisha akakaa na mie miaka thelathini na tano, akanizalia, akanipikia, akanikanda mgongo, na kila siku ya Mungu alikuwa akinitaja kwa kosa langu, na mie, baba wa upelelezi, niliyepewa nishani ukumbini, sikung'amua kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya Karani Idrisa miaka yote ile na kidole kimenielekea. Alinitesa? Hapana. Alinisubiri niseme mwenyewe. Kila asubuhi alinipa nafasi, na kila asubuhi nilikunywa chai nikatoka.

Nusaiba, kikombe. Kidogo tu. Basi, basi, rudisha. Baadaye.

Wasia wenyewe ni huu. Kitabu kile, Ufunguo wa Godauni, na kila kitakachotokana nacho, nimekitia katika theluthi yangu ambayo dini imeniruhusu kumpa asiye mrithi, na nimempa shemeji yangu Khalfani, fundi baiskeli wa Buguruni. Karatasi iko kwa Mzee Gaudens, ina sahihi na mashahidi. Kwa hiyo, Mudathir, rudi Kinondoni ukamwambie Edgar huna cha kumuuzia. Akitaka filamu avue viatu akakae kibandani kwa Khalfani, kwenye matairi, amwombe, na Khalfani akimfukuza ameshafukuzwa. Najua umeshapiga picha na wale waigizaji. Najua umeshamwambia mkeo. Ulitaka kuuza mara ya pili nilichokwisha kukuuza nacho mara ya kwanza, hukujua, mie najua, na sikuachii.

La pili. Mzee Gaudens alihifadhi prufu, chapa ya majaribio, ya mwisho wa kwanza, karatasi tisa, zimekuwa rangi ya chai lakini zinasomeka. Siku mtakayonizika, sheikh atasimama atauliza kama desturi, "Kuna anayemdai marehemu?" na watu watanyamaza, kisha mtu mmoja mwema atasema tumemsamehe, na wote wataitikia, na mchanga utaanza kumwagwa. Nawakataza. Nawakataza kwa haki ya baba, kama imebaki. Msimngoje sheikh aulize. Wewe Nusaiba, najua wanawake hawafiki makaburini, kwa hiyo kabla jeneza halijatoka uani, mbele ya watu wote, wa Yombo na wa Buguruni, utasoma karatasi zile tisa. Na ukimaliza utafungua daftari hili uwaonyeshe mstari. Kisha utanyoosha kidole kwenye jeneza na kusema lile neno. Moja tu. Usiongeze kitu, usiseme alikuwa baba yetu, usiseme alitubu. Nimekufundisha kumaliza kitabu.

Wakiondoka, waache waondoke. Wakibaki wanne wa kubeba, wanatosha.

Na nyie mkisema aibu, mtoto wa marehemu hawezi kumfanyia baba yake hivi, mimi sina la kuwafanya, nitakuwa nimefungwa kamba tatu na pamba puani. Mnaweza kuifuta sauti hii kabla ya magharibi. Mnaweza kulitia daftari kwenye jiko la mama Atuganile. Mtapata msiba mzuri, pilau na sifa, na babu yenu atabaki muuaji kwa sababu wajukuu zake waliona haya. Mtakuwa mmenifuata. Damu yangu mnayo pia, msidhani mna ya Marijani peke yake.

Nilikuwa na... nilikuwa na jambo jingine. Limetoka.

Msinizike Buguruni. Hata mkipewa nafasi. Mumwache na bintiye.

Mnisogezee mto. Hapo. Mikono yenu, njooni, wekeni hapa. Hamisa mkono wako wa baridi. Mungu awape... awape ulimi aliokuwa nao babu yenu, wa kunyamaza pale... na wa mama yenu wa... Mudathir, jino lile. Nisamehe jino lile. Usijibu sasa. Mungu awape watoto watakaowauliza, na awape... majibu.

Pumzi hii. Ngoja.

Nusaiba, yale maji. Niinue kichwa. Una mkono wa mama yako, hata namna ya kushika kikombe... Umesemaje? Sikusikia, masikio yanavuma. Sema tena.

"Kunywa, mgeni."

Eeh. Eeh, mwanangu. Sasa nimesikia. Hivyohivyo. Acha simu iendelee.